Neno Juu ya Ubao

Ubao ulipigiliwa kwenye mti, juu ya korongo ambalo ng'ombe walikuwa wamelilamba chumvi miaka na miaka hata kingo zake zikawa laini kama shavu la mtoto. Nicanor Nyongesa, karani wa shamba, aliyasoma kwa sauti maneno aliyoyaandika mwenyewe kwa amri ya mzungu mwenye shamba: MILKI YA MWENYE SHAMBA. MIFUGO YA WATU ITAKAMATWA.

Mama Jepkemboi, mjane aliyezaliwa ng'ambo ya korongo hilo, alimsikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Hilo neno la kwanza ni nini? Kwetu halipo."

"Ni kitu cha mtu mmoja," Nicanor akajibu kwa Kinandi alichojifunza kwa miaka kumi ya kazi. "Wengine hawana fungu."

"Hata asipokitumia?"

"Hata asipokitumia, Mama."

"Limetoka wapi?"

Nicanor alijinyoosha kidogo, maana elimu ndiyo iliyokuwa fahari yake. "Pwani, kwa Waarabu. Majina ya mwenye mali na mfalme yana asili moja kwao. Milki, maliki."

Mama Jepkemboi akatema mate kando. "Basi wewe ndiye uliyemtawaza."

Siku ya tatu ng'ombe wake sita walikamatwa, naye akaitwa mahakamani Eldoret. Mwenye shamba alimleta Nicanor kuwa shahidi. "Sema ulimweleza," alimwagiza mlangoni. "Basi."

Nicanor aliapa kwa Biblia. Hakimu akauliza kama mwanamke yule alielezwa maana ya tangazo. Kama alielewa, ng'ombe wamekwenda. Siku zote Nicanor alijihesabu kuwa mbeba maneno tu, asiye na hatia kwa yaliyomo. Lakini pale korongoni alifurahia kulifafanua neno lile, na furaha hiyo ilikuwa yake mwenyewe, si ya mwenye shamba.

"Sikumweleza," akasema. "Nilisoma tu. Kwa Kinandi neno hilo halipo."

Hakimu aliwaachilia ng'ombe, akamwonya mama kwamba kuanzia leo ameambiwa. Nje, mwenye shamba alimpokonya Nicanor funguo za ofisi, kisha akaandika katika kipande chake, cheti cha kazi alichotembea nacho, maneno ambayo mzungu yeyote wa Uasin Gishu akiyasoma, hatamwajiri.

Nicanor alimfuata Mama Jepkemboi kwenye njia ya mtoni.

"Nimeapa uongo kwa ajili yako."

"Sikukutuma," akasema bila kugeuka. "Wala ubao sikukutuma uuandike. Wiki ijayo atamleta karani mwingine, ausome vizuri. Nenda kwenu."

"Kwetu ni mbali, Mama."

Mama Jepkemboi aliwaingiza ng'ombe katika maji ya Sosiani, akawafuata, shuka lake amelikunja hadi magotini. Mtamba mmoja aligoma ukingoni, akarudi nyuma. Mama Jepkemboi, ambaye sasa alikuwa katikati ya mto, alisimama akamtazama mtamba, kisha akamtazama Nicanor.

Nicanor aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu.