Krenkshafti ya Bwana Kimeli

Asubuhi moja mwaka wa 1996, fundi Joab Ouko alitundika krenkshafti mbili kwa kamba kwenye boriti ya gereji ya shamba la chai, upande wa Bomet, akachukua spana. Meneja wa shamba, Bwana Kimeli, alisimama kando na kikombe chake cha chai. Alikuwa na gari dogo la mbio, na alitaka injini yake ifungwe turbo kabla ya mashindano ya Agosti. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini, na krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndiyo hubeba mzigo wote. Ikiwa dhaifu hukatika.

Joab aligonga ya kwanza, iliyokuja na gari. Ililia kwa muda mfupi, kama sufuria yenye ufa. Akagonga ya pili. Hiyo ilikuwa ya chuma kilichofuliwa, na mlio wake ulidumu kama wa kengele ya kanisa. Ulipokuwa ukififia, krenkshafti hiyo ilisema, "Rebeccah Chepchirchir."

"Hii ni safi," Bwana Kimeli akasema. "Haina ufa."

Joab alikubali kwamba haikuwa na ufa. Alimkumbusha kwamba aliitoa kwenye ambulensi ya zahanati ya shamba, kama alivyoagizwa, na kwamba ambulensi ilikuwa juu ya mawe. Meneja alisema nyingine ingeletwa kutoka Nakuru. Joab akaichagua hiyo.

Phelis, muuguzi wa zahanati, alipopata habari ya jina hilo hakuuliza chuma kimewezaje kusema. Alijua kinataja wale ambao kingewabeba kama kingebaki kwenye ambulensi. Akaenda hadi kwenye majani chai alikokuwa akichuma Rebeccah, mjamzito asiye na homa wala maumivu, akamwambia aende hospitali ya Longisa mapema, maana ambulensi haingemfuata. Rebeccah akaomba ruhusa. Nyapara alimweleza kwamba ruhusa ya ugonjwa ni ya mgonjwa.

"Ugua kwanza, mama," alimwambia, bila ukali.

Wiki iliyofuata Rebeccah akaugua. Wakamlaza kwenye trela la trakta, juu ya magunia ya majani mabichi. Trakta ilipitia kiwandani kwanza, kwa sababu majani yakikaa huharibika. Alifia kwenye foleni ya mizani, yeye na mtoto tumboni.

Phelis aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi.

"Rudisha chuma chetu," alisema.

"Sista, pole sana. Jeneza tumetoa. Lakini injini imeshafungwa. Nikiifungua sasa nitaharibu gaskiti."

Gari likaanza kujaribiwa. Likienda kasi, injini ilitaja majina kwa sauti, na watu wa kando ya barabara wakazoea kunyamaza linapopita. Waliotajwa walirudi nyumbani, wakachukua blanketi na uji kwenye thamosi, wakaanza safari ya Longisa kwa miguu. Wengine walifika. Phelis aliandikia makao makuu, akajibiwa kwamba majaribio yale hayapunguzi kiasi cha majani.

Mwishoni mwa Julai, Joab akiwa ameinama juu ya injini, ilimtaja yeye. Akamweleza meneja. Bwana Kimeli akainamisha sikio, akauliza kama ule mlio wa chini ni wa kawaida. Joab akasema ni wa kawaida, kisha akaomba apelekwe Longisa kwa gari hilo.

"Lina viti viwili tu, Joab, na hicho kingine ni cha msoma ramani. Kaza bolti zilizobaki, halafu uende."

Joab alizikaza zote. Akanawa grisi kwa sabuni na mchanga, akashika barabara. Alikuwa bado hajatoka kwenye shamba gari lilipompita, kiti cha pili kikiwa kitupu. Maumivu yalikuwa yameanza kifuani. Alisimama kando, akasikiliza mpaka lilipopotea kwenye kona. Halikuwa likigonga popote. Krenkshafti ilikuwa imekaa vizuri sana, na ilikuwa ikimwita mtu mwingine.