Upindo wa Gauni la Bobini

Nguo ya mtoto haikatwi kwa kipimo chake cha leo. Fundi akikushonea gauni la binti yako likamkaa barabara, bila kuacha kitu ndani, fundi huyo amekuibia, na mimi nitamwambia hivyo mbele ya wateja wake. Nguo ya mtoto inaachiwa upindo. Kitambaa kinakunjwa kwa ndani, vidole vinne vya mtu mzima, kisha kinashonwa kwa mishono mirefu isiyosumbua kufumua. Mwakani mtoto amerefuka, mama anarudi, upindo unateremshwa, gauni linapata umri mwingine.

Haya nayajua ingawa sishoni. Mimi ni mpiga pasi. Meza yangu iko ndani ya chumba cha fundi, karibu na mlango ili moshi wa mkaa upate pa kutokea, na kila anachoshona hupita chini ya pasi yangu kabla mwenyewe hajakichukua. Mdomo wangu hauna pazia, mtaa mzima unajua. Fundi ananivumilia kwa sababu yeye maneno kwake ni kama vifungo vya bei ghali, hatoi ovyo.

Fundi na mkewe walikuwa na mtoto mmoja. Tulimwita Bobini, kwa kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachozunguka chini ya sindano ya cherehani, maana na yeye alikuwa hatulii. Akitoka shule alikuja moja kwa moja kwetu, akaingia chini ya meza ya kukatia kuokota vipande na vifungo. Alikuwa na tabia moja ambayo hakufundishwa na mtu. Kila nguo ya mtoto iliyokwisha aliigeuza ndani nje, akapima upindo kwa vidole vyake, akatoa hukumu.

"Baba, huyu umembania."

Fundi alicheka, akafumua. Ilifika mahali wateja hawakubali kuchukua nguo mpaka Bobini aikague.

Kisha Bobini akatulia. Hilo peke yake lingetosha kututisha, lakini mtoto akitulia watu wazima husema anapata adabu. Baadaye miguu ikawa na alama nyeusi kama za kugongwa, na hakuna aliyemgonga. Fizi zikatoa damu. Homa ikawa inakwenda na kurudi, wakamtibu homa, ikarudi tena. Walipofika hospitali kubwa, mbali huko, wakaambiwa ni saratani ya damu. Mama yake akahamia wodini, akawa analala kwenye kiti kando ya kitanda, na fundi akabaki huku kutafuta riziki, akishona mchana kutwa bila hata kufungua redio.

Daktari alimwambia mama jambo moja, na mama akatuambia sisi, na sisi tukalishika kama sala: watoto wengi wanapona ugonjwa huu, ila dawa isikatizwe. Usikose hata awamu moja. Sasa fikiria mtu anayeishi mbali. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, pa kulala, vipimo. Kwenye kitanda cha jirani, mama alisimulia, alikuwapo kabinti kadogo kuliko Bobini, na mama yake alikuwa ameshindwa kumrudisha awamu moja kwa ajili ya nauli tu. Bobini alimpa jina la Jirani. Walikuwa wakigawana kalamu za rangi.

Fundi viatu ndiye aliyetupa wazo. Huyu tunamwita Gundi, na ni mkono wa birika hasa. Amewahi kumdai mtu mmoja msumari. Siku hiyo alikuja akasimama mlangoni kwetu na beseni kubwa la bati.

"Kuomba mimi siwezi," alisema. "Nikiomba naonekana nimezoea. Lakini kazi tunaweza. Jumamosi moja, mtaa mzima tufanye kazi, na kila kitakachoingia kiingie humu. Si kwa Bobini peke yake. Kwa wodi nzima ya watoto."

"Na wewe utatia?" nikamuuliza.

"Mimi ndiye nitakayelilinda."

"Ndiyo maana nauliza."

Alinitukana kidogo, tukakubaliana.

Jumamosi hiyo iliangukia wakati Bobini ameruhusiwa kuja nyumbani kupumzika kabla ya awamu nyingine. Alikuwa ametuma maombi mapema kwa simu ya mama yake: anataka gauni jipya, la njano, lenye mifuko, alivae siku ya beseni. Alipofika, fundi akampima. Nilikuwapo. Futi ya kupimia ilizunguka kifua cha yule mtoto ikabaki nyingine ya kuzungusha tena. Nywele zilikuwa zimekwisha zote, na shingo ilikuwa imebaki nyembamba. Fundi hakuandika vipimo. Hakuinua hata macho.

Kesho yake alinikabidhi gauni nilipige pasi. Nikalitandika mezani, nikaligeuza, vidole vyangu vikatafuta upindo kwa mazoea. Havikupata kitu. Chini kulikuwa na mkunjo mwembamba tu, kama wa ukingo wa leso.

"Fundi, hili gauni la nani?"

"La Bobini."

"Mbona umelikata kama la mtu mzima?"

Alikuja akalishika. "Nimeacha vidole vinne," alisema. "Huwa naacha."

"Hukuacha."

Akaenda kwenye kapu la vipande, akavitoa vyote vya njano akavipanga juu ya meza, akawa anavipima na kuvipima tena. Mtu aliyekata nguo za watoto tangu ujana wake, ambaye mkono wake unaongeza upindo hata akiwa anafikiria mambo mengine, safari hii mkono haukuongeza. Akakaa juu ya kiti cha cherehani.

"Dada," aliniambia, "mikono yangu imeshamzika mwanangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikuzaa. Lakini niliumia. Ninapoumia huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa, kwa hiyo nikamfokea.

"Mikono haina akili! Inasikia nini? Simama utafute kitambaa."

Cha njano hakikuwapo tena, hata kwenye duka la vitambaa. Akachukua cheupe, kitambaa kizito kizuri, akakata mkanda mpana, akauunga chini ya gauni pande zote, kisha akaukunja wote kwa ndani ukajificha. Kwa nje huoni kitu. Njano tupu. Nikapiga pasi mpaka ukalala.

Mama alipomleta Bobini kulichukua, mtoto hakutazama hata mifuko. Aliligeuza ndani nje.

"Baba, huku kuna kiraka."

"Si kiraka, mama," fundi akajibu. "Ni nyongeza. Nimeona utarefuka sana."

Bobini akaweka vidole vyake, mkono baada ya mkono. Vilikuwa vimekonda hata upindo ukawa mpana kuliko ulivyokusudiwa.

"Saba!" alisema. "Unaniachia vyote hivi?"

"Vyote."

Alimtazama baba yake, kisha akautazama ule mshono wa kuungia. Mtoto wa fundi humdanganyi kwa kitambaa. Alijua nguo inaungwa pale tu mkasi ulipokosea, na alijua baba yake hakosei. Mimi nilijifanya nachochea mkaa.

"Basi itabidi nile," akasema, akalivaa.

Siku ya beseni sitaisahau. Watu wa mtaa huu wana vichwa vyao. Wasiokuwa na nguo mbovu walifumua nzima makusudi ili zipate kushonwa. Mimi nililetewa mashuka yaliyokwisha kunyooshwa, nikayanyoosha tena, mtu anasimama ananitazama na kusema hapo bado, dada, rudia. Gundi alishona kisigino cha kiatu kilichokuwa kizima. Nilimwona kwa macho yangu akitia beseni­ni kila alichopokea, kisha akageuka pembeni akatoa na kilichokuwa kwenye soksi yake, akakitia humo humo. Bobini alikaa kitini katikati yetu na gauni lake la njano, kitambaa cha kuzuia vijidudu mdomoni, anawashukuru watu kama mkuu wa sherehe. Haba na haba hujaza kibaba, na jioni beseni lililazimika kubebwa na watu wawili.

Zile fedha zilimrudisha Jirani hospitali. Zililipia chumba karibu na wodi, kina mama wakawa wanalala kwa zamu, wakapika na kuoga kama binadamu. Bobini hakukosa hata awamu moja. Tulifanya kila lililosemwa lifanywe. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye walikuja watu kuuliza kama labda tulichelewa hapa au pale, na hao nawaambia wakaulize kwingine.

Ugonjwa ukaondoka. Halafu ukarudi, na uliporudi haukujali dawa. Daktari akakaa na mama na baba, akawaambia wampeleke mtoto nyumbani, wampe dawa za kutuliza maumivu, wawe naye.

Asubuhi moja mama akamleta dukani amembeba mgongoni, mtoto mkubwa vile. Alikuwa amevaa gauni la njano. Akaomba ashushwe, akasimama ameshika ukingo wa meza yangu.

"Baba," alisema, "gauni limekuwa fupi."

Fundi akatoka kwenye cherehani akapiga magoti mbele yake. Na mimi nikatazama. Gauni lilikuwa linaishia katikati ya miundi, pale pale lilipoishia siku ya kwanza. Halikupanda hata unene wa uzi. Mama aliona. Fundi aliona, na ndiye anayejua zaidi kuliko sisi sote. Mimi, ambaye sijawahi kuona jambo nisiliseme, nikaubana mdomo wangu kwa meno.

"Kweli," fundi akasema. "Limekuwa fupi."

"Fumua basi."

Hakumvua. Alichukua kisu cha kufumulia, akafumua akiwa pale chini, akimzunguka kwa magoti, mshono mmoja mmoja. Ule mkanda mweupe ukashuka. Gauni likafika karibu na vifundo vya miguu, njano juu na weupe chini, kama gauni la mwanamke anayekwenda harusini. Nikamwinulia kioo cha wateja. Bobini akajitazama kwa muda mrefu, akageuka upande, akashika kiuno.

"Shangazi," akaniambia, "sasa mimi ni mkubwa, au?"

Nikaacha pasi. Nikainama mbele yake na mvi zangu hizi.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

Alicheka mpaka akashindwa kusimama, na mama yake akamdaka.

"Marahaba," akanijibu. "Marahaba, mwanangu. Habari za watoto?"

Alifariki wiki hiyo, nyumbani, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake. Kuna mteja wangu alikuja akaniambia Mungu alimpenda zaidi. Nilimrudishia mashati yake na mikunjo yake yote, nikamwambia atafute mpiga pasi mwingine. Sijutii. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, nayo hainisaidii kitu ila ndiyo niliyobaki nayo. Fundi alifunga duka, akalifungua, akakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Kwa muda mrefu alikuwa akikataa nguo za watoto. Akinamama walikuja na vitambaa wakaondoka navyo.

Mwaka ulipozunguka, Gundi akaja tena mlangoni na beseni lake. Sikumtania. Jumamosi ile fundi alishona suruali za wanaume tu, kichwa chini, mpaka mchana, mama Bobini alipoingia na mfuko. Nyuma yake alikuwapo kabinti kenye nywele fupi zinazoota upya, laini kama za mtoto mchanga. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa Jirani, amemaliza awamu zake zote.

Mama Bobini akatoa gauni la njano kutoka mfukoni.

"Nimekaa nalo," alimwambia mumewe. "Nimelia nalo. Sasa mrekebishie huyu."

Wakamvika. Mkanda mweupe ukaburuta sakafuni. Fundi alikaa pale pale kwenye cherehani, nikadhani atatoka nje, na ningemwelewa. Kisha akaja akapiga magoti. Hakuchukua chaki wala futi, mshono wa kuungia ulikuwa unamwonyesha. Akaukunja weupe wote kwa ndani, njano ikarudi peke yake.

"Si ukate tu?" Jirani akauliza. "Ni refu sana."

"Nguo ya mtoto haikatwi," fundi akasema. "Ukirefuka utakuja nikufumulie."

"Lini?"

"Mwakani," fundi akajibu. Akabaki amepiga magoti, ameushika ule upindo kwa mikono miwili. Mama Bobini akampa sindano, tayari imetungwa uzi, na fundi akaanza kushona kwa mishono mirefu.