Kikaragosi Asiye na Mdomo

Ofisini walimwita Kifutio, maana alifuta kuliko alivyochora, naye jina halikumkera hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kubuni nembo. Safari hii alipewa nembo ya programu ya simu inayofundisha watu kupika, pamoja na kikaragosi wake: kiumbe mchangamfu wa kumpokea mtu jikoni na kumsindikiza mpaka chakula kiive.

Alichora kijiko chenye kofia ya mpishi, kitunguu kinachokonyeza, na chungu chenye mashavu ya mtoto aliyeshiba. Mteja wake, mama mmoja aliyewahi kuendesha mkahawa, alivitazama vyote kisha akavua miwani.

"Vizuri. Ila vyote vinacheka kama vinauza dawa ya meno. Mtu anayejifunza kupika hachekicheki, binti yangu."

"Anakuwaje?"

"Hilo nakuachia wewe. Nenda kaangalie."

Kifutio alirudi nyumbani swali likimwasha kama upupu.

Huko nako kulikuwa na ugeni. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, na baba mkwe, dereva mstaafu wa malori, alihamia kwao kwa muda. Mzee huyo alikuwa ametangaza, bila kuulizwa na mtu, kwamba amechoka kupakuliwa chakula. Sasa atapika mwenyewe. Mumewe Kifutio alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kifutio hakucheka. Mkwe ni mkwe. Humfukuzi jikoni hata akiunguza maji. Badala yake alimwekea ile programu, iliyokuwa bado ya majaribio, akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi.

Basi siku hiyo alimkuta amesimama mbele ya jiko, aproni ya maua imemkaba kitambi. Wali ulikuwa motoni. Simu ilisema wazi: funika, punguza moto, usifunue. Mzee akafunua.

"Baba, wameandika usifunue."

"Nimesoma, mwanangu. Macho yangu mazima." Akafunika.

Hazikupita dakika nyingi, mkono ukanyanyuka tena kama vile si wake. Mara hii aliinua mfuniko upande mmoja tu, akainama, akachungulia kwa kuibia. Mvuke ukampiga usoni, miwani ikawa nyeupe pe.

"Sasa hapo unaona nini, baba?"

"Sioni kitu," alikiri.

"Basi unafunua ili iweje?"

Mzee akafuta miwani kwa pindo la aproni. "Nikiendesha lori, barabara naiona. Hapa nimetia vitu, nimefunika, halafu naambiwa nisubiri. Humo ndani mambo yanaendelea bila mimi! Wewe ungetulia?"

Kifutio alitaka kusema ndiyo, akajikumbuka. Yeye mwenyewe hajawahi kupita karibu na sufuria ya mtu bila kuchungulia. Wali ule ulikuja kuiva upande mmoja. Wakala upande huo, wakausifu.

Kesho yake alikaa kwenye jiko dogo la ofisini na kikombe cha chai, akijifanya anapumzika. Mhasibu, mtu mzito asiyegeuza shingo hata akiitwa, aliingia na bakuli lake, akaliweka ndani ya mashine ya kupashia chakula, kisha akainama, mikono magotini, akatazama kupitia kioo mpaka mashine ikalia. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Kifutio akaanza kujiuliza: hivi chakula kingekuwa na macho, nacho kingetutazama?

Akakimbilia mezani kwake. Alichora mtu anayechungulia sufuria, akaona mgongo mtupu. Akafuta. Akageuza: mfuniko umeinuka upande, na chini yake, kutoka ndani, macho mawili makubwa meusi yanachungulia nje. Anayechungulia akakutana na anayechungulia. Kwa nembo alibakiza mstari wa mfuniko, kirungu chake cha kushikia, na nukta mbili. Akautazama mchoro kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza mkono haukutafuta kifutio.

Mteja aliuliza jambo moja tu. "Mbona hana mdomo?"

"Nilijaribu kichwani, mama. Akipata mdomo ataanza kufundisha. Huyu naye hajui wali umefikia wapi. Anataka kujua, kama wewe."

Yule mama akachukua kalamu, akamchorea tabasamu dogo chini ya macho, aone. Papo hapo kiumbe akawa mjuaji. Mama akalikata tabasamu kwa mistari miwili, akaangua kicheko. "Mwache hivyo hivyo. Mwenyewe namwonea huruma."

Programu ilipokamilika, aliyegusa mfuniko kwenye simu kabla ya wakati alikuta yale macho yakipepesa mara moja kisha yakizama taratibu, kama mtu aliyefumaniwa. Watu walimpenda. Walituma ujumbe kumuuliza anaitwa nani, anakula nini, na huko ndani yuko peke yake au na wenzake.

Siku moja kijana anayeandika programu akaja mezani kwa Kifutio, uso umekunjamana. "Dada, tunataka atoke nje ya sufuria siku za sikukuu. Ana miguu?"

Kifutio akamtazama. Hilo hakuwahi kuliwaza.

"Sijui," alisema, akavuta karatasi safi. "Hebu kaa hapa tuone."