Mstari Nilioukata kwa Penseli

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mbili, katika darasa la jioni, na tangu hapo kila kitabu changu nimekivika jalada la gazeti. Ndani ya kitabu sikuwahi kuweka alama hata moja. Kwa hiyo Mwalimu wa darasa hilo alipoandaa mchezo wa kuigiza na kutafuta mtu wa kukaa nyuma ya pazia na kuwanong'oneza waigizaji wakisahau maneno, hakwenda mbali.

Mchezo ulikuwa wa zamani, wa enzi za babu zetu. Mke mkaidi anamwacha mumewe, anahangaika, mwisho anarudi, anapiga magoti na kusema: "Nimekosa, bwana wangu. Nipokee." Mke huyo aliigizwa na binti yangu.

Naye kweli alikuwa ameondoka kwa mumewe. Ni fundi wa friji, na mume hakutaka tena mke wa kuingia nyumba za watu na bisibisi mkononi. Akabeba sanduku lake la vifaa, akaja kwangu. Mwezi wa tatu tangu aje, baba mkwe wake alinijia, tukazungumza kiutu uzima, nikatoa neno: Jumatatu atarudi. Nilimwarifu binti yangu akiwa amechutama nyuma ya friji yetu.

"Uliniuliza, Baba?"

"Nimeshatoa neno langu, mama."

"Hilo ni lako. Langu hujalisikia." Akaendelea kukaza skrubu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mume na baba yake walikaa safu ya mbele, niliwaalika mwenyewe. Nilijiambia, wakimwona amepiga magoti, hata kama ni mchezo, mioyo italainika.

Ikafika sehemu ya mwisho. Binti yangu aliingia na kikapu, akasimama mbele ya kinyozi wetu wa mtaani, aliyeigiza mume. Kimya. Nikadhani amesahau.

"Nimekosa, bwana wangu," nikanong'ona.

Nikapandisha sauti: "Nimekosa, bwana wangu! Nipokee!"

Mama mmoja akadakia kutoka nyuma: "Jamani, mpokee mzee wa watu, keshaomba mara mbili!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kinyozi akauma mdomo asicheke. Binti yangu hakucheka. Aligeuka akanitazama kwenye upenyo wa pazia.

"Nimekusikia, Baba," akasema, na sauti ikafika mpaka mlangoni. "Sisemi. Wala magoti sipigi."

Baba mkwe wake akainuka. "Mzee mwenzangu, mwamuru mwanao apige magoti! Au kwako hakuna mkubwa?"

Hakuwa akizungumzia mchezo, na yeye, mimi na binti yangu tulijua.

Nilikitazama kitabu. Maneno yalikuwa pale pale, yamepigwa chapa, nami maisha yangu yote nimeyaheshimu maneno yaliyopigwa chapa. Mwanangu alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu mia mbili, kikapu mkononi. Nikatoa penseli nyuma ya sikio, nikaukata ule mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha nikatoka nyuma ya pazia na kandambili zangu.

"Mstari huo haumo tena," nikasema, nikiinua kitabu.

"Na neno lako la Jumatatu?"

"Nililitoa bila kumuuliza mwenyewe. Nalirudisha, mbele ya watu wote hawa."

"Huna haya, mzee mzima?"

"Ninayo. Ndiyo maana nalirudisha."

Mume wake aliinuka kutaka kusema kitu. "Kaa, kijana," wakamwambia waliokuwa nyuma yake, "unatuziba!"

"Pazia! Pazia!" Mwalimu akawa ananong'ona, lakini kamba ya pazia nayo ilikuwa kazi yangu, nami nilikuwa katikati ya jukwaa na kitabu juu. Binti yangu akaweka kikapu chini, akampita kinyozi, akaishika kamba kwa mikono yote miwili.

"Baba, sogea ndani," akasema. "Nafunga."

Akavuta.