Maana ya Kupapasa

Neno lilikuwa kupapasa, na Kitindamimba alitakiwa na mwalimu aandike maana yake kwa maneno yake mwenyewe.

"Kushikashika," mama yake alimjibu huku akimimina mafuta kwenye sufuria. Alikuwa mkunga, kutwa alipapasa matumbo ya wajawazito akitafuta kichwa cha mtoto kilipo. Nani angemfundisha neno hilo?

Akawasha gesi, akaingia stoo kuchukua vitunguu. Upepo ukaubamiza mlango. Alipovuta kitasa kiling'oka kikambakia mkononi, na chuma chake cha katikati, cha pembe nne, kikaanguka gizani. Taa ya stoo ilikuwa imeungua siku nyingi.

Kwa nje, mtoto akajaribu kitasa cha upande wake. Kikazunguka bure.

"Hakifungui, mama."

"Rudi mezani. Usiguse jiko."

"Mafuta yanatoa moshi. Nizime?"

Mkunga akamwona akilini. Mtoto wa miaka sita, juu ya kiti, mkono ukivuka mafuta ya moto. Na komeo la mlango wa nje liko juu, hawezi kutoka kuita jirani.

"Usithubutu. Nisomee maneno mengine ya mwalimu, nijue umekaa."

"Nyororo," mtoto akaanza. "Kwaruza. Ganzi."

Mkunga akapiga magoti. Gunia la mchele. Ndoo. Kitu laini chenye unyevu, pengine kiazi kilichooza, akakitupa. Vidole vilivyotambua kisogo cha mtoto aliye tumboni sasa havikujua hata ukuta ulipo. Akaharakisha, akakigonga chuma, kikabingirika mbali. Moshi ukaanza kupenya chini ya mlango.

"Mama, mbona husemi?"

"Nipo. Soma."

Akalala kifudifudi, akaulazimisha mkono uende taratibu, shibiri kwa shibiri, kama juu ya tumbo la mzazi mwenye hofu. Nyuma ya gunia akagusa ubaridi wenye pembe nne. Akakichomeka chuma kwenye tundu la mlango, akakizungusha na kitasa.

Alipotoka alizima gesi, akafunika sufuria. Mtoto alikuwa palepale mezani, machozi mashavuni, penseli mkononi. Alikuwa ameandika: Kupapasa ni kutafuta kwa mkono huku unaogopa.

"Futa hayo ya kuogopa. Mwalimu atakukosesha."

"Kwani hukuogopa?"

Mkunga akatazama vumbi la vidole vyake.

"Acha hivyohivyo," akasema, akaenda kutafuta bisibisi. Vitunguu vilipokatwa, mlango wa stoo ulikuwa umeshang'olewa, umeegemezwa ukutani.