Afisa Mmoja

Numbi hakuwa mwandishi mjinga. Aliposoma redioni habari ya afisa wa jeshi anayechimbisha shaba kwa siri huko Kamatanda, hakutaja jina, cheo wala kambi. Alisema "afisa mmoja" tu, maana kumtaja mwanajeshi kungemfikisha gereza la Buluo, naye ana mke na watoto. Akavimba kichwa kwa werevu wake. Maskini, alisahau Jumapili.

Jumapili redio hiyohiyo hurusha ibada ya kanisa la uamsho, na katika ibada kuna saa ya ushuhuda, ambayo hata mchungaji hathubutu kuikatiza. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho siku hiyo kilivaa kitenge kipya: Mama Reine, mke wa kanali, alishika kipaza sauti.

"Mulisikia banasema ku redio afisa moya iko na mashimo? Ule njo bwana yangu, Colonel Alphonse! Mungu njo alitupatia ile mashimo. Shetani apate haya!"

"Alleluia!" kanisa zima likaitika, na watu wa mtaa wa Shituru wakaongeza sauti za redio zao.

Kesho yake Numbi akaitwa na mwanasheria wa jeshi, mwendesha mashtaka. Kosa lake: kufichua mwanajeshi.

"Minye sikusema jina ya muntu, Papa magistrat." Aliogopa, tusifichane. "Bibi yake njo alisema."

"Ule alikuwa anasifu Mungu. Kusifu Mungu haiko kosa."

"Basi nani ananishitaki?"

"Mwanajeshi moya."

"Nani?"

Mwanasheria akamtazama kwa huruma. "Jina yake ni secret. Sasa weye, ulisema juu ya nani? Sema jina, niandike."

Numbi akauona mtego. Akitaja, anatenda kosa palepale mbele ya mwanasheria mwenyewe. Akanyamaza. Mwanasheria akaandika kwamba mshitakiwa amekataa kuisaidia sheria, akaamuru apelekwe Buluo.

Gari la ofisi lilikuwa bovu, ikabidi liazimwe jingine. Numbi alipandishwa nyuma, juu ya magunia ya mawe yenye rangi ya kijani ya shaba, bado yana udongo mbichi. Askari wa kumlinda akamkunjia uso.

"Ikala muzuri, journaliste," alisema kwa sauti ya kusikika barabara nzima. "Usipasule mifuko ya Colonel Alphonse."