Chumba Namba Moja

Gauni la kuvaa barazani Keziya alilitandaza chini ya godoro, akalala juu yake chali, mikono ubavuni kama maiti, ili asubuhi liwe limenyooka. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani, na kila alipovuta pumzi nailoni ililalamika. Joto la Kyela halikuwa na pa kutokea. Feni ilikuwepo darini, ila waya wake ulikuwa umekatwa. Alijiambia ni usiku mmoja tu, na mtu aliyengoja miaka miwili hashindwi na usiku mmoja.

Alikuwa ametoka Ikombe siku hiyo, kwa mtumbwi hadi Matema, halafu pikipiki, halafu gari. Angelala kwao asingewahi saa tatu asubuhi, na mjini hakuwa na ndugu. Ndiyo maana akaingia Tulivu Gesti, nyumba ya vyumba tisa nyuma ya soko, kuta zake zimepanda ukungu hadi madirishani. Mwenye nyumba, Mama Nancy, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, alimpokea vizuri.

"Una wenyeji hapa mjini, dada?"

"Sina."

"Hata wa kanisani?"

"Hata."

Mama Nancy akafungua kitabu cha wageni. Jina, Keziya. Kabila, Mkisi. Kazi? Keziya akasema anafinyanga vyungu. Anakokwenda? Baraza la ardhi.

"Pole, dada yangu. Nitakupa namba moja, hapa mlangoni. Huko ndani kuna kelele."

Keziya alimshukuru mara mbili.

Shauri lenyewe lilikuwa la kakao. Yeye na marehemu mumewe, Hezroni, waliipanda miche ile kule Ngana kwa mikono yao, yeye akibeba maji ya kumwagilia huku ana mimba ya miezi saba. Hezroni alipofariki, ukoo ulikaa siku ya tatu ya matanga ukaamua kwamba mdogo wake, Anangisye, atamrithi mjane pamoja na shamba. Keziya alisema shamba ni lake, mume mwingine hataki. Wakamwambia vitu hivyo haviachani. Akarudi kwao Ikombe kwenye udongo, akafungua shauri. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa safarini. Mara ya pili jalada halikuonekana. Mara ya tatu wazee wa baraza hawakutimia. Safari hii karani alimhakikishia kwamba ushahidi utasikilizwa, na asipofika asimlaumu mtu. Mzee Andrea, aliyepakana nao shamba, aliahidi kuja kutoa ushahidi kwa baiskeli, na mgongo wake ule.

Saa kumi na moja alfajiri mlango ulipigwa teke.

Walikuwa askari watatu, na mwanga wa simu ukamjia machoni. Keziya alijifunga kanga vizuri, akaketi kitandani.

"Umelala na nani?"

"Peke yangu."

"Mwanamke mzima, gesti, peke yako?"

"Nina shauri barazani, baba. Saa tatu. Wito huu hapa."

Askari aliusoma wito wote, hadi muhuri. Akamrudishia.

"Wito hauonyeshi umelala na nani. Unafanya kazi gani?"

"Nafinyanga vyungu."

"Viko wapi?"

"Nyumbani, Ikombe."

"Kwa hiyo hapa mjini huna kazi. Toka nje."

"Niruhusu nivae gauni langu."

"Hiyo kanga inatosha. Huko tuendako hakuna harusi."

Kwenye korido mwanamume wa chumba cha tatu alikuwa amesimama na taulo kiunoni. Askari mmoja alimpigia saluti ndogo, ya mkono usiofika kichwani, naye akarudi ndani akafunga mlango. Nyuma ya mlango ule msichana alikohoa. Hakuna aliyeuliza. Mama Nancy alisimama kaunta, kitabu cha wageni kifuani.

"Mama Nancy," Keziya alisema, "waambie. Umeniandika mwenyewe. Waambie naenda barazani."

"Mimi naandika tu, dada. Mtu akiingia, naandika. Ya moyoni mwake siyaoni." Akawageukia askari. "Angalieni ngazi, afande, kuna utelezi."

Kituoni wanawake kumi na mmoja waliketishwa sakafuni, viatu vimevuliwa, vilemba vimevuliwa. Hakukuwa na mwanamume. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yao kabisa. Kando ya Keziya aliketi Lusungu, mfanyabiashara wa vitenge, mama yake wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, na baba yake wa Kasumulu. Yeye alikamatwa kwenye gesti nyingine. Alizijua sakafu hizi.

"Wewe umetolewa wapi, mama?"

"Tulivu. Namba moja."

Lusungu akaguna. "Na mimi mwaka jana alinipa hiyo hiyo. Alikuuliza kama una wenyeji?"

"Aliniuliza."

"Ukasema huna." Lusungu alivuta miguu yake, akaikumbatia. "Mama Nancy ana wasichana wake kule nyuma, na wateja wao ni watu wakubwa. Hao hawaguswi. Lakini siku ya msako gari haliwezi kurudi tupu. Kila gesti inatoa mtu. Sasa atoe nani? Anatoa mgeni asiye na wa kumlilia."

Keziya alikuwa anaitazama saa. Ilikuwa mbili na robo.

Kila aliyekuwa na mtu wa kumfuata alifuatwa, akatokea mlango wa nyuma. Saa tatu ilipofika Keziya alisimama.

"Baba, shauri langu linaitwa sasa."

"Kaa chini. Hapa kila mtu ana shauri."

"Niende na askari. Nifungeni hata pingu, ila nifike."

Askari wa kaunta alimtazama, kwa mara ya kwanza kama mtu. Halafu simu yake ikaita, akatoka nayo nje.

Saa sita waliobaki walifunguliwa. Mkubwa mmoja alipita, akawaambia wakatafute waume, wasirudie. Keziya alikwenda barazani nusura akimbie, na kanga yake ya kulalia. Karani alikuwa anakula ndizi za kuchemsha juu ya majalada.

"Limefutwa, mama. Mleta maombi hakufika. Tuliita mara tatu."

"Nilikuwa kituoni. Walinikamata alfajiri."

"Shahidi wako alikuwepo, yule mzee. Akangoja, akaondoka." Karani alifuta vidole. "Unaweza kuomba lirudishwe, sheria inaruhusu. Lakini uwe na sababu, na sababu iwe na karatasi. Kalete barua ya kituo."

Akarudi kituoni kwa miguu, jua likimchoma utosi usio na kilemba. Yule yule askari wa kaunta alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole ukurasa mzima, kwa uangalifu.

"Jina lako halimo."

"Nimekaa hapo tangu alfajiri. Hapo, baba. Uliniambia nikae chini."

"Kama ungekamatwa ungeandikwa. Hukuandikwa, kwa hiyo hukukamatwa." Akashusha sauti, na pengine alikusudia wema. "Mama, unataka nikuandike? Nikikuandika lazima niandike na kosa. Kesho unasimama kizimbani kama malaya, jina lako linasomwa kwa sauti. Chagua mwenyewe."

Keziya akasema asiandikwe.

Aliporudi barazani, karani alikuwa amemaliza ndizi. Alimsikiliza, akatikisa kichwa, akamsogezea karatasi na kalamu.

"Basi tuandike sababu nyingine. Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Afadhali, maana ungehitaji cheti cha daktari. Ulifiwa?"

"Nilifiwa."

"Na nani?"

"Mume wangu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Huyo hafai, mama. Anayefaa ni wa jana."

Keziya aliirudisha kalamu mezani, akatoka.

Nje ya chumba cha karani, kwenye benchi la kungojea, Anangisye alikuwa ameketi na wazee wawili wa ukoo, anasubiri nakala ya amri. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi hadi mikononi. Alipomwona hakuonyesha kushangaa, wala hakuuliza kwa nini amevaa kanga ya kulalia mchana kweupe. Alisubiri hadi wote waliokuwa pale, wazee, mlinzi, wanawake wenye majalada yao, wawe wamenyamaza. Ndipo akamsalimia kwa salamu ya asubuhi ya lugha ya kwao, ingawa jua lilikuwa limeshavuka utosi.

"Ugonile, shemeji. Nasikia umelala mjini. Umelala salama?"

Wazee walimwangalia Keziya. Mjane wa ukoo husalimiwa akaitikia, na huitikia akiwa chini. Alitaka kusema neno. Alilitafuta, akaliona, akalipata hadi mdomoni. Lakini magoti yake, yaliyofundishwa tangu siku ya kwanza ya ndoa, yalikuwa yameshapinda.